Plugini mpya ya efekti: preseti ziache kwanza, zima kila kitu

Kila anayefanya mosheni grafiki (michoro na maandishi yanayotembea kwenye video) anaijua ile raha ya kuinstoli plugini mpya, kile kiprogramu cha kuongezea efekti kwenye programu yako. Unafungua menyu ya efekti unakuta jina lake limekaa pale, unaitupia kwenye leya (tabaka moja la picha), unachagua preseti ya kwanza, yaani mpangilio uliotengenezwa tayari, na papo hapo skrini inawaka moto na cheche zinaruka. Safi kabisa. Sasa ngoja uutake ule moto uwe wa bluu, utokee kulia, ufifie taratibu kuanzia fremu ya 60 (fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kuwa video) na usilifunike jina la kipindi, hapo ndo unateremsha paneli unakuta manamba yamejipanga kutoka juu mpaka chini ya skrini na hujui hata moja inafanya nini, unaanza kuvuta hii, unavuta ile, kitu kinaharibika, unarudisha nyuma, unavuta nyingine.

Mimi siku hizi plugini mpya naianza kinyume. Preseti sizigusi kabisa mwanzoni, nazima kila kinachozimika alafu narudisha kimoja kimoja. Nitaeleza kwa After Effects, programu ya Adobe ya mosheni grafiki, manake ndo ninayoshinda nayo, lakini kama unatumia programu nyingine utaratibu ni uleule, majina tu ya vitufe ndo yanabadilika.

Kwenye mambo ya kuinstoli sichelewi. Hakikisha toleo la plugini linaendana na toleo la programu yako, usiweke kitu kipya katikati ya kazi ya mteja yenye siku mbili zimebaki, na kama ni toleo la majaribio tegemea kukuta alama imepigwa juu ya picha, hiyo sio hitilafu, ndo wanavyofanya wengi wao. Na kama plugini za kununua bado, After Effects inakuja tayari na efekti za familia ya CC, ndani yake kuna CC Particle World, inatosha kabisa kujifunzia hizi habari za chembe, vile vidoti vingi vinavyoungana kuwa cheche, mvua au theluji, kabla hujafungua pochi.

Haya. Fungua komposisheni mpya (ubao unaopangia leya zako), mandhari nyeusi, leya moja tupu, weka hiyo efekti basi. Usiweke picha nzuri nyuma, usiweke logo, usiweke muziki, manake vitu vizuri vinadanganya jicho, unaona kazi imependeza kumbe kilichopendeza ni ile picha ya nyuma. Unataka chembe nyeupe juu ya weusi uone kila kinachotokea. Kwenye CC Particle World sasa nenda sehemu ya fizikia, kasi iweke sifuri, graviti nayo sifuri, alafu cheza. Utaona kidoti kimekaa pale katikati, basi, chembe zote zinazaliwa na kufia sehemu moja. Hicho kidoti kinachosha kukitazama ila ndo mwanzo wenyewe. Pandisha kasi kidogo, kidoti kinafumuka kuwa mpira. Rudisha graviti, mpira unaanza kumwagika kwenda chini. Ongeza ukinzani wa hewa, chembe zinatoka kwa nguvu alafu zinapoa njiani badala ya kuruka mpaka nje ya fremu. Sasa nenda kwenye chanzo, pale chembe zinapotokea, upana wake uvute mpaka upite ukubwa wa fremu na chanzo chenyewe kipandishe juu, tayari una manyunyu ya mvua, na hujagusa preseti hata moja. Mvua na zile cheche za mwanzo ni namba zilezile, kilichobadilika ni umbo la chanzo na nguvu zinazovuta chembe.

Ukishaelewa hilo, plugini kubwa kama Trapcode Particular haikutishi tena, manake utakuta humo ndani mambo ni yaleyale manne matano: chembe zinatokea wapi, zinatoka kwa kasi gani, zinaishi muda gani, zinafananaje, na nini kinazisukuma zikiwa hewani. Yaliyobaki mengi ni mapambo ya hayo. Nikifungua plugini ya chembe nisiyoijua kitu cha kwanza natafuta hizo sehemu, vingine vyote navifunga ile mishale yake midogo ili visinichanganye.

Kuna hesabu moja ndogo hapa watu wengi hawaipigi na ndo inayowaulia kompyuta. Idadi ya chembe zinazoonekana kwa pamoja ni zile zinazozaliwa kwa sekunde zidisha na maisha ya kila moja. Ukiweka 200 kwa sekunde na kila moja inaishi sekunde 5, ukifika sekunde ya tano una chembe 1,000 hewani muda wote. Sasa mtu anaona pametawanyika, pako wazi wazi, anapandisha uzalishaji mpaka 2,000 bila kugusa maisha, tayari ni chembe 10,000, kila fremu, na bado hajawasha kivuli wala ukungu wa mwendo (ule wa kitu kinachopita kasi), alafu analalamika kwamba plugini ni nzito. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuongeza ukubwa wa chembe kidogo, au kufupisha maisha na kusogeza chanzo karibu na kamera. Jicho halihesabu, likiona chembe mia tatu zilizokaa vizuri linajazia lenyewe.

Hesabu hiyohiyo inakutolea kero nyingine ambayo kila mgeni wa chembe anakutana nayo: unaanza video, fremu ya kwanza ni tupu, alafu theluji ndo inaanza kuja kana kwamba kuna mtu kafungua bomba. Chembe hazina historia kabla ya leya kuanza. Dawa yake, shika leya kwenye taimlaini uivute kushoto ianze kabla ya sekunde 0, kwa muda usiopungua maisha ya chembe moja. Kama zinaishi sekunde 4, vuta sekunde 4 nyuma, na ukumbuke kuurefusha mwisho wa leya nao usije ukakatika. Video ikianza anga tayari imejaa.

Na ukiinakili leya ya chembe ili upate nyingi zaidi, usisahau ile namba inaitwa Random Seed, ibadilishe kwenye nakala. Usipobadilisha, nakala itafanya mambo yaleyale sehemu ileile, unakuwa umelipia uzito mara mbili kwa picha moja.

Tukitoka kwenye chembe, kanuni ya kuzima bado inafanya kazi. Chukua Saber ya Video Copilot, ile ya bure ya mistari inayong'aa. Swali linaloulizwa sana juu yake ni kwa nini nikiiweka picha yangu yote inakuwa nyeusi. Plugini haijaharibika, inapoanza inachora mng'ao juu ya weusi, kwa hiyo ama uiweke kwenye leya yake peke yake na uibadilishe leya iwe Add au Screen (namna za kuchanganya leya ambazo weusi unapotea), ama ushuke chini mpaka mipangilio ya kurenda, yaani ya kutoa picha ya mwisho, uchague Transparent. Kisha punguza mng'ao wote mpaka ubaki na ule uzi wa katikati. Hapo uzi ukiwa mwembamba, mweupe, umekaa juu ya barakoa (mask, umbo la kuchora kwenye leya) uliyochora, ndo unapanga mwendo: namba ya mwanzo wa mstari iwekee kiifremu, yaani alama inayoshikilia namba kwenye fremu fulani, kwenye asilimia 100, kiifremu ya pili kwenye 0, mstari unajichora wenyewe. Ukiridhika na mwendo ndo urudishe mng'ao na rangi. Ukianza na mng'ao huwezi kuona kama mwendo ni mzuri au mbaya, kila kitu kinawaka tu.

Hapo kwenye mwendo nina neno kidogo, manake ndo kinachonikera nikitazama kazi nyingi za plugini. Mtu katumia efekti ya gharama lakini kiifremu zake zimenyooka, kitu kinaanza kwa kasi moja, kinaenda kwa kasi hiyohiyo, kinasimama ghafla. Hakuna plugini itakayokurekebishia hilo. Fungua grafu, lainisha mwanzo na mwisho, acha cheche zitoke fremu mbili tatu baada ya kitu kugonga na zisitoke kabla. Mimi napanga mwendo wote kwa maboksi ya kijivu kwanza, ukikaa sawa ndo naiita efekti ije juu yake. Kama maboksi ya kijivu yanachosha kuyatazama, moto hautayaokoa.

Suala la mng'ao lina kitu kingine cha kiufundi ambacho hakimo kwenye plugini yenyewe. Ukiona mng'ao wako una mistari mistari ya rangi badala ya kufifia taratibu, angalia chini ya paneli ya projekti, kuna namba ya biti. Ikiwa 8, kila rangi ina ngazi 256 tu, na ukinyoosha mng'ao kutoka samawati iliyoiva mpaka weusi upana wa skrini nzima, ngazi hizo hazitoshi, jicho linaziona. Shika Alt, au Option kwa Mac, ubonyeze hapo mpaka ifike 16 au 32. Kwenye 32 mwanga unaruhusiwa kupita ule weupe wa mwisho, kwa hiyo mng'ao unachanganyika kama mwanga kweli. Bei yake ni kompyuta kuwa nzito, na sio efekti zote zinakubali 32, zisizokubali programu inakuwekea alama ya onyo pembeni ya jina.

Sasa preseti. Nilisema ziache mwanzoni, sijasema zitupe. Zikishakuwa hazikutishi, zinageuka kuwa mafunzo mazuri kuliko video nyingi, kwa sababu zimetengenezwa na watu wanaoijua ile plugini kwa undani. Weka preseti, chagua leya, bonyeza U mara mbili haraka haraka. After Effects inakufunulia yale tu yaliyobadilishwa kutoka hali ya mwanzo, badala ya kutazama namba mia unatazama labda kumi na tano. Alafu irudishe kila moja kwenye hali yake ya mwanzo, moja baada ya moja, uone nini kinaondoka kwenye picha. Kwa kulinganisha, piga picha ya paneli ya komposisheni kwa Shift na F5, badilisha namba, alafu shikilia F5 uone ya zamani, iachie uone mpya, macho yanakamata tofauti ambayo ungeapa haipo. Na ukivuta namba huku umeshika Ctrl, au Cmd kwa Mac, inasogea kidogo kidogo, ukishika Shift inaruka kwa makumi. Mi nikikutana na namba nisiyoielewa naivuta na Shift mpaka iharibu picha, manake hapo ndo inaonyesha kazi yake, alafu nairudisha taratibu.

Angalizo dogo: ukijaribu haya kwa privyu (onyesho la majaribio) ya robo ya ukubwa kamili ili kompyuta ipumue, sawa, ila usihukumu mng'ao wala ukungu hapo. Efekti nyingine hubadilika sura ukirudi kwenye ukubwa kamili. Simama kwenye fremu iliyojaa zaidi, weka ukubwa kamili, tazama hiyo moja, rudi robo uendelee.

Kabla hujamwahidi mteja muda wa kukabidhi, tafuta hiyohiyo fremu iliyojaa, renda sekunde 2 zinazoizunguka, zidisha mpaka ufike urefu wa video yote. Usipime na sekunde ya kwanza ambayo chembe bado chache, itakudanganya.

Na leya ya plugini ikishakubalika, irende peke yake na uwazi wake (pasipo na kitu pabaki wazi), kwa ProRes 4444, aina ya faili la video linalobeba uwazi, au fremu za PNG, alafu weka hiyo klipu kwenye komposisheni na uizime ile ya asili bila kuifuta. H.264, ile ya video za kawaida, usiitumie hapo, haibebi uwazi, utarudi na boksi jeusi. Faida ya kwanza ni kwamba kila unapobadilisha maandishi hurudii kukokotoa chembe. Ya pili utaiona siku unampelekea mwenzako faili na yeye hiyo plugini hana, au wewe mwenyewe umebadilisha mashine na leseni imebaki kule: programu itakuambia efekti haipo na leya itakuwa tupu, ila klipu ipo, kazi inaendelea. Pembeni ya klipu naweka faili la maandishi lenye jina la plugini, toleo lake, na zile namba chache nilizozigusa.