"Kwa muda" ni muda gani?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Morogoro ameniandikia hivi: "Mwalimu mkuu wetu ametoa tangazo kwamba ofisi yake imehamia darasa la tatu kwa muda, na kwamba hiyo ni ofisi ya muda. Mwenzangu anasema ilitakiwa iitwe ofisi ya mpito. Yupi yuko sahihi? Na imekuwaje neno muda likamaanisha kitu kisichodumu, wakati kila kitu duniani kina muda wake?"

Mwalimu, mwenzako amekosea, na kosa lake ni rahisi kulieleza. Mpito umetokana na kupita, na anayepita lazima awe ametoka mahali anakwenda mahali pengine. Kongo ilikuwa na serikali ya mpito kuanzia 2003 hadi 2006: nyuma yake vita, mbele yake uchaguzi. Ofisi ya mwalimu mkuu haivuki kutoka hali moja kwenda nyingine. Imehama tu, na ikiwezekana itarudi ilikokuwa. Hiyo ni ofisi ya muda.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha kitako. Muda tumeupata kwenye Kiarabu, mudda, na shina lake lina maana ya kunyoosha, kuvuta kitu kikarefuka. Kwa hiyo muda ni urefu wa wakati, basi. Ni kama kusema "kamba": hujasema kama inatosha kufungia mbuzi au kuvutia jahazi. Ndiyo maana tunauongezea neno: muda mrefu, muda mfupi, mkataba wa muda maalumu. Maana ya kutodumu imeupata muda kwa kuwekwa mkabala na kudumu. Tanzania ilikuwa na Katiba ya Muda ya mwaka 1965, kisha ikaja ya 1977 ambayo watu waliizoea kwa jina la Katiba ya Kudumu. Yakisimama mawili hayo pamoja, kila mtu anaelewa. Lakini tazama na urefu wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoanza ile ya muda alikuwa na miaka 12 ilipoondoka. Neno halikudanganya. Halikuahidi ufupi, maana ufupi haumo ndani yake.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa matangazo.

Kuna jengo ninaloingia karibu kila wiki. Kwenye mlango wa lifti imebandikwa karatasi: "LIFTI HAIFANYI KAZI KWA MUDA. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU." Imeshikizwa kwa selotepu pembe nne, moja imekwisha achia, na wino uliokuwa mweusi sasa una rangi ya chai ya rangi. Chini yake mtu ameandika kwa penseli: "muda gani?" Siku moja mama mtu mzima, mguu unamsumbua, aliisoma karatasi ile polepole hadi mwisho, akanigeukia: "Mwanangu, nisubiri au nipande?" Sikuwa na jibu la kumpa. Karatasi nayo haikuwa nalo, na ndiyo iliyobandikwa pale kwa kazi hiyo.

Isome sentensi ile vizuri. Mwandishi wake alitaka kusema lifti imesimama na itarudi. Mimi naweza kuisoma kwamba lifti haifanyi kazi na imekaa hivyo siku nyingi. Mwingine ataielewa kwamba lifti haiendeshwi kwa kufuata muda, kama vile tunavyosema mshahara unalipwa kwa mwezi. Maana tatu katika maneno matano, na hakuna hata moja inayomsaidia yule mama.

Kinachosababisha hayo ni kitenzi. "Kwa muda" hubadilika kufuatana na kitenzi kilichokitangulia. Ukisema "nimemsubiri kwa muda", msikilizaji anaelewa umesubiri sana, na ukiwa unazungumza utavuta sauti, "kwa mudaaa", hadi akuonee huruma. Ukisema "wamefunga barabara kwa muda", anaelewa itafunguliwa. Vitenzi vya kuendelea, kama kukaa, kungoja na kuishi, huurefusha muda. Vitenzi vya kukatiza, kama kufunga, kusimamisha na kuhamisha, huufupisha. Sasa mtu akichukua kitenzi kisicho huku wala kule, akakikanusha, kisha akatundika "kwa muda" mwishoni, hakuna sauti ya kuvuta wala uso wa kutazama. Imebaki karatasi tu.

Na lugha hii haina uhaba wa kipimo. Wazee waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walitaja siku. Kibarua ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu kwa kazi ya siku, hata jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kitu cha kupita kimehesabiwa ndani ya neno lake. Sisi tuna kalenda ukutani na saa kwenye kila simu, halafu tunaandika "kwa muda" na kuondoka!

Kuna makosa mengine katika mtaa huu ambayo nimechoka kuyafukuza. "Muda mchache" ni kosa, kwa kuwa uchache ni wa vitu vinavyohesabika: dakika chache, muda mfupi. "Masaa 24" bado inanikera, saa 24 inatosha. "Mida ya saa mbili" nawaachia vijana, nimeizoea, na angalau wametaja saa. Lakini "kwa muda" iliyo tupu kwenye tangazo sitaizoea, kwa sababu wale wengine wanaharibu sarufi tu, na huyu anamwacha mtu amesimama chini ya ngazi.

Kwa hiyo mwambie mwalimu mkuu kwamba "ofisi ya muda" ni Kiswahili safi na hakuna wa kumsahihisha. Mwambie pia afute ile "kwa muda" ya mwanzo na aandike kile ambacho mzazi aliyetoka shambani na mtoto mkononi anahitaji kukijua: "Ofisi ya Mwalimu Mkuu imehamia darasa la tatu hadi Ijumaa tarehe 14." Kama tarehe haijui, aandike sababu: "hadi paa litakapomaliza kuezekwa." Mzazi atainua macho, aone mabati yamefika wapi, ajue mwenyewe.