Maswali na majibu: Unix ya 1975 ndani ya kilobaiti 48

*Shikamoo mwalimu. Kwenye laptopu naendesha SIMH, programu ya kuiga kompyuta za zamani, ikiiga PDP-11/40, na juu yake mfumo endeshi wa Unix toleo la sita. Mashine nimeipa memori yote, KB 248. Mbona kiini (kernel, moyo wa mfumo) kikivuka KB 48 kinakataa? (Mkomani, Lamu)*

Marahaba mwanangu. Memori unayo, anwani ndizo huna. Anwani za PDP-11 ni za biti 16, kwa hiyo kiini huona KB 64 tu kwa wakati mmoja, kurasa 8 za KB 8. Ukurasa wa mwisho ni wa vifaa: diski, terminali, saa. Unaoutangulia una taarifa za prosesi (programu) inayoendeshwa pamoja na staki ya kiini, yaani nafasi yake ya kazi za muda. Zinabaki 6, yaani baiti 49,152, na humo ndimo maagizo, data na majedwali yote yaenee. Jahazi likiwa gatini, bohari linaweza kujaa hadi darini, lakini kinachosafiri ni kilichoenea ngamani.

*Niliongeza bafa za diski (vipande vya memori vinavyoshika data ya diski kwa muda) kutoka 15 hadi 40 ili iende kasi. Sasa haiwaki kabisa. (Langoni)*

Kila bafa hula baiti 514. Umeongeza 25, basi zimekwenda 12,850, zaidi ya robo ya nafasi yote. Kosa hili nimelifanya. Usiku kucha nilitafuta hitilafu kwenye draiva ya diski (msimbo wa kiini unaoiendesha diski), hadi adhana ya alfajiri inaadhiniwa ndipo nikaandika `size unix`. Amri hiyo huchapa namba tatu na jumla yake: maagizo, data, na nafasi itakayojazwa sufuri. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopwa, maana haionekani katika ukubwa wa faili diskini, na bafa zote zimo humo. Tangu siku ile siwashi kiini kipya kabla ya kuisoma jumla. Rudisha NBUF, yaani idadi ya bafa, iwe 15 kwenye faili la param.h, kisha kompaili kiini chote upya, si bio.c, faili la bafa, peke yake.

*Nianze kupunguza wapi? (Shela)*

Dada, anza na draiva za vifaa usivyokuwa navyo: utepe wa karatasi, printa. Halafu NPROC, idadi ya prosesi; iko 50, na kwa mtu mmoja naona 20 zinatosha. NINODE, nafasi za memori za faili zinazotumika, iache 100. Ikipungua mno utaona “Inode table overflow” na faili hazitafunguka.

*Nikihamia PDP-11/45 je? (Malindi)*

Utapata anwani za KB 64 kwa maagizo na nyingine za KB 64 kwa data, ingawa kurasa zile mbili za mwisho bado hukaa upande wa data. Andika `set cpu 11/45`, na kiini ukijenge kwa m45.s, faili la msimbo wa mashine hiyo, badala ya m40.s.