Jibu: Barabara gani inaua zaidi Kenya?

Boss umeuliza kama ni kweli Salgaa ndio inamaliza watu kuliko kwingine. Salgaa ina jina baya na imelipata kihalali, ule mteremko wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret dereva wa lori anatoa gia ili aokoe dizeli, breki zinashika moto, basi hapo hakuna wa kumsimamisha. Desemba 31, 2017 pale Migaa walikufa 36, halafu Juni 2023 Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, lori likavamia wachuuzi na watu wa stejini, zaidi ya 50 wakaenda. Hizo ndizo zinafika kwenye TV.

Lakini angalia mwaka mzima. 2023 NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, walihesabu vifo 4,324 na kundi linaloongoza sio abiria wa basi, ni watembea kwa miguu, wanafuatwa na watu wa boda. Hao wanakufa mmoja mmoja hakuna kamera inakuja. Ndio maana Nairobi na Kiambu huwa juu kwenye orodha ya vifo hata kama hazina mteremko wa kutisha.

Mimi hupita Thika Road kila jioni, saa moja hivi giza likiingia utaona mama na mzigo wake wa sukuma anaruka kile kizuizi cha katikati ya barabara wakati daraja la miguu liko pale pale juu, na si ujinga, ngazi ni ndefu na juu kuna vijana wa kunyakua simu, sasa achague lipi