Samaki wa Uzani Mmoja Waliokwamisha Programu

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kisumu. Nimemwandikia shangazi yangu, mnunuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga, programu ya C++ ya kupanga mbuta kuanzia mwepesi hadi mzito. Samaki 10 walipangika vizuri, lakini alipoleta 25, wote wa kilo 2 kwa kuwa mizani yake husoma kilo nzima tu, programu ilikatika ghafla. Predikati (kitendakazi kinachojibu ndiyo au hapana) niliyoipa std::sort, kipangaji cha C++, inarudisha a.kilo <= b.kilo. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limo katika ile alama ya usawa. Predikati ya kupangia huulizwa swali moja: je, ni lazima huyu amtangulie yule? Kwa mbuta wawili wa kilo 2 jibu ni hapana, ukianza na yeyote kati yao, ilhali yako husema ndiyo mara zote mbili, kana kwamba kila mmoja amemtangulia mwenzake. Ukivunja kanuni hiyo, lugha haikuahidi matokeo yoyote.

Samaki 10 walipita kwa sababu maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) inayokuja na GCC, kompaila inayogeuza msimbo wa C++ kuwa programu, hupanga orodha isiyozidi vipengele 16 kwa kuchomeka kimoja kimoja mahali pake. Orodha ikizidi hapo, huteuliwa kipengele cha kulinganishia, kisha kielekezi, yaani alama ya mahali ilipofikiwa kwenye orodha, husonga mbele maadamu predikati inajibu ndiyo, bila kukagua mwisho wa orodha, kwa kutegemea kwamba jibu la hapana litakisimamisha. Samaki wako wakiwa sawa wote, jibu hilo halipatikani, nacho huvuka mpaka na kusoma kumbukumbu isiyo ya orodha yako.

Andika a.kilo < b.kilo. Wanafunzi wengi huweka <= wakidhani watahifadhi mpangilio wa waliofungana; kazi hiyo ni ya std::stable_sort, ambayo nayo hudai < vilevile. Alama ya <= yenyewe haina hatia: ukihesabu kwa std::count_if mbuta wasiozidi kilo 2, ni halali kabisa, kwani hapo predikati hupewa samaki mmoja tu.

Kabla ya kumrudishia shangazi programu, ijaribu kwa samaki 17, kisha 100, wote wa uzani uleule.