Kamati ya wakazi ikague nini eneo lenye sumu linaposafishwa?

Swali: Palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu panasafishwa kwa sababu udongo umejaa madini ya risasi. Tumechagua kamati ya wakazi kusimamia kazi hiyo, lakini hatuna mkemia hata mmoja. Tukague nini, na tutajuaje kwamba pamesafishika kweli?

Jibu: Mkemia mtamtafuta. Ninyi mna kitu ambacho mkandarasi hana: mnajua maji ya asidi yalimwagwa upande gani, majivu yalifukiwa wapi, watoto walikuwa wakichezea wapi. Kaeni na waliofanya kazi kiwandani, mchore ramani, muikabidhi kabla mpango wa kuchukua sampuli haujatiwa saini. Ukishasainiwa, kila shimo la ziada mtakaloomba mtaambiwa halimo kwenye bajeti.

Daini pia kugawana sampuli. Udongo uchanganywe vizuri mbele yenu, ugawanywe mara mbili, nusu iende maabara ya mkandarasi na nusu maabara mliyoichagua ninyi, kila chombo kikiwa na lakiri na fomu ya makabidhiano. Si lazima iwe kila sampuli; chache mtakazozichagua ninyi, bila kumwarifu mkandarasi mapema, zinasaidia sana. Majibu yakipishana kidogo msikimbilie kulalamika, kwani risasi haitawanyiki sawasawa udongoni. Kiwango cha tofauti kinachokubalika kiandikwe mapema.

Ila mkiwa na nguvu ya kupigania jambo moja tu, pigania shimo. Udongo mchafu ukishaondolewa, sampuli zichukuliwe sakafuni na kwenye kuta za shimo, na lisifukiwe mpaka majibu yatoke. Nimeona mashimo yakifukiwa haraka kwa kisingizio cha mvua. Baada ya hapo hakuna awezaye kuthibitisha chochote bila kuchimba upya. Wala msikubali kupewa wastani peke yake. Wastani wa eneo zima unaweza kuwa mzuri huku kona moja ikiwa bado na sumu kali, kwa hiyo ombeni namba ya kila sampuli na mahali ilipotoka.

Kuhusu mtaalamu: ombeni alipwe na mradi lakini awajibike kwenu. Si ombi geni. Marekani, ambako sheria ya kusafisha maeneo ya sumu ilitungwa mwaka 1980 baada ya maafa ya Love Canal, mtaa uliojengwa penye taka za kemikali zilizofukiwa, marekebisho ya 1986 yaliwapa wakazi ruzuku ya kuanzia hadi dola 50,000 kuajiri mshauri wao. Fedha hizo ni za kuwafafanulia ripoti, si za kuchukua sampuli mpya. Tena huko, sumu ikibaki chini ya ardhi, eneo hukaguliwa upya angalau kila baada ya miaka 5. Nanyi wekeni tarehe za ukaguzi kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayeulipia.

Watoto wapimwe risasi katika damu sasa, kabla uchimbaji haujaanza kutimua vumbi, wapimwe tena kazi ikiendelea. Damu ikionyesha risasi inapanda, kazi isimame siku hiyo hiyo.