Usiiguse kerneli kabla hujahesabu mikatiko

Acha hapo hapo. Umeandika kwamba sauti inakatika-katika ukirekodi kwenye Linux, kwamba Jumamosi unarekodi kwaya, na kwamba Ijumaa usiku utasakinisha kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) ya muda halisi uliyoiona kwenye video. Mimi nilifanya jambo hilo hilo, usiku wa Ijumaa vilevile, kwa ajili ya kwaya vilevile, na mpaka leo mwalimu wa kwaya ile hunisalimia kwa mbali.

Video niliyoifuata ilikuwa ya bwana mmoja mwenye sauti ya upole na uhakika wa ajabu. Alidai kwamba bila kerneli hiyo Linux haifai kwa muziki, na kwamba tukishaisakinisha tufute ya zamani ili kuokoa nafasi kwenye diski, nafasi ambayo haikufika hata gigabaiti moja. Kuhusu kadi ya michoro hakutamka neno. Kadi yangu ilitegemea programu ya kuiendesha isiyo ya chanzo huria, na moduli yake, kipande kinachoingia ndani ya kerneli, ilipojengwa upya ilikagua usanidi wa kerneli, ikakuta PREEMPT_RT, yaani alama ya kerneli ya muda halisi, ikakataa. Ujumbe wa kukataa ulipita mbele ya macho yangu katikati ya mistari mingine mingi, nami nikaenda kuchemsha chai. Nilipowasha upya nilipata skrini nyeusi yenye kistari kimoja kinachopepesa, na kwenye menyu ya GRUB, programu ya kuchagua kerneli ya kuwasha, hapakuwa na kerneli nyingine ya kurudia, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mtiifu.

Mtu mwenye akili angewasha kompyuta kwa flashi, akairudisha kerneli ya kawaida, akalala. Mimi, saa tisa usiku, niliamua kusakinisha mfumo mzima upya, na kwenye ukurasa wa kugawa diski nikaweka alama ya kufuta kwenye kizigeu (sehemu ya diski) cha pili badala ya cha kwanza. Humo ndimo zilimokuwa nyimbo sita za kwaya hiyo, soprano hadi besi, kazi ya siku tatu, bila nakala mahali popote. Saa mbili asubuhi watu ishirini na wawili walifika wakiwa wamevaa sare, ingawa hakukuwa na kamera. Nilirudisha malipo ya awali, nikawalipa na nauli. Nayasimulia haya bila uchungu wowote, kama unavyoona.

Wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye kerneli ya kawaida iliyokuja na mfumo, nilisoma kwa mara ya kwanza ujumbe ambao JACK, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, ilikuwa ikiuandika kila siku: imenyimwa kipaumbele cha muda halisi. Niliandika `ulimit -r`, amri inayoonyesha kipaumbele cha juu unachoruhusiwa, kwenye terminali, ikajibu 0. Jina langu halikuwamo kwenye kundi la audio, wala ndani ya /etc/security/limits.d hapakuwa na mistari ya rtprio na memlock, yaani ruhusa ya kipaumbele hicho na ya kushikilia kumbukumbu. Niliiandika, nikajiingiza kwenye kundi, nikatoka na kuingia upya, nikaiondoa prosesa kwenye hali ya kuokoa umeme, nikazima Wi-Fi. Kwa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya fremu 128 kwenye 48,000 Hz, yaani milisekunde 2.7, muda ambao sauti hewani haijamaliza hata mita moja, nilirekodi saa mbili bila mkatiko hata mmoja.

Kerneli ya muda halisi haiongezi kasi ya kompyuta. Inaweka mpaka wa muda ambao programu ya sauti inaweza kusubirishwa na kazi nyingine, na programu isiyo na ruhusa ya kuomba kipaumbele itapanga foleni kama kawaida, hata ukiibadilishia kerneli kila siku. Isitoshe, tangu toleo la 6.12 la Novemba 2024, PREEMPT_RT imo ndani ya Linux yenyewe, na Debian ina pakiti yake rasmi, kwa hiyo hakuna sababu ya kupakua kerneli iliyojengwa na mtu usiyemjua. Kabla hata ya hiyo, jaribu kuongeza `preempt=full` na `threadirqs`, maneno yanayoisogeza kerneli ya kawaida karibu na ile ya muda halisi, kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia kerneli; ukiharibikiwa, unayafuta maneno hayo tu.

Kwaya yenyewe haihitaji bafa ndogo. Kadi yako ya USB ikiwa na kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, waimbaji watajisikia bila sauti kupitia kwenye kompyuta, na bafa ya 1024, milisekunde 21, haitamsumbua yeyote. Bafa ndogo ni ya anayepiga kinanda au gitaa kupitia programu huku akijisikiliza.

Leo, si Ijumaa, nakili nyimbo zako zote kwenye diski ya nje. Kisha andika `ulimit -r`, fungua `pw-top` kama unatumia PipeWire, mfumo mwingine wa kusimamia sauti, rekodi nusu saa, utazame safu ya ERR, inayohesabu mikatiko, inapanda kwa kiasi gani, na uniletee namba hizo hapa. Na hiyo kerneli inayowaka sasa hivi, usiifute.