Maswali ya Wasomaji: Lishu, Hati ya Makarani wa China

*Ninajifunza Kichina. Nimesoma kwamba hati ya lishu ilibuniwa na mfungwa akiwa gerezani. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)*

Mfungwa anayetajwa ni Cheng Miao, na masimulizi yanasema alifungwa na Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 KK. Kisa kitamu, lakini vilivyofukuliwa ardhini vinakikataa. Kibao cha mbao kilichopatikana Qingchuan, mkoani Sichuan, kina amri ya mashamba ya mwaka 309 KK, na mwandiko wake tayari umeanza kuwa lishu. Qin Shi Huang alizaliwa miaka 50 baadaye! Tena mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, kaburi la ofisa mdogo wa dola ya Qin lilitoa vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vyenye sheria na taratibu za kazi, kwa mwandiko wa aina hiyohiyo. Lishu haikubuniwa na mtu mmoja. Ilitokana na makarani wengi waliokuwa na kazi nyingi na muda mchache. Hata jina linasema hivyo: li ni mtumishi wa ngazi ya chini serikalini, shu ni maandishi.

*Inatofautianaje na hati iliyoitangulia? (Msomaji huyohuyo)*

Hati ya mihuri, zhuanshu, ina herufi ndefu zenye mistari ya unene mmoja inayopinda kama waya. Kupinda huko kunakula muda. Karani aliikata mipindo ikawa pembe na mistari iliyonyooka, na pengine nukta tupu. Miguu na mkia wa farasi, mkia wa samaki, na moto unaokaa chini ya herufi: vyote vitatu viliishia kuwa nukta nne. Maji yakikaa upande wa kushoto yakawa nukta tatu. Ndiyo maana mwanafunzi wa leo akiitazama herufi ya farasi haoni farasi; picha ilipotea hapo, mikononi mwa makarani.

Umbo nalo lilibadilika: herufi ya lishu iliyokomaa ni pana kuliko urefu wake, na nafasi kati ya herufi ya juu na ya chini huwa kubwa kuliko kati ya safu na safu. Ukomavu huo utauona katika mawe yaliyochongwa maandishi wakati wa enzi ya Han, ukoo uliotawala baada ya Qin, kama jiwe la Liqi la mwaka 156 BK lililoko Qufu, na la Cao Quan la mwaka 185 BK, ambalo sasa liko Xi'an.

*Mimi huandika khati ya Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi. Naweza kuitumia kwa lishu? (Msomaji, Unguja)*

Hapana. Kalamu ya mwanzi hutoa unene kwa jinsi ncha ilivyokatwa na pembe unayoishikia. Lishu hutoa unene kwa mgandamizo: nywele za brashi zinafunguka ukikandamiza na kujikusanya ukiinua. Nunua brashi ya nywele mchanganyiko, urefu wa nywele sentimita 4 hadi 5, na uchore miraba ya sentimita 10 kwenye karatasi.

Anza na mstari wa ulalo wenye wimbi, ambao Wachina huusifia kichwa cha kiwavi wa hariri na mkia wa bata bukini. Tua ncha, isukume kwanza kushoto, kinyume na uendako, kisha izungushe na kuelekea kulia. Ncha imejificha ndani na kichwa kimekuwa cha mviringo. Katikati inua kidogo ili mstari uwe mwembamba. Ukifika kama theluthi mbili, kandamiza polepole ukishuka kidogo, tulia, halafu panda kulia huku ukiinua hadi ncha itoke yenyewe. Ukikandamiza ghafla unapata uvimbe. Ukiinua haraka unapata mwiba. Wanaoanza wengi huuchonga mkia kwa kukunja kifundo cha mkono. Usogee mkono mzima.

Na mkia ni mmoja tu kwa kila herufi. Namba tatu ina mistari mitatu ya ulalo, lakini wa chini pekee ndio wenye wimbi. Ukiipa yote mikia, herufi inakosa pa kutulia, na mjuzi atakucheka.

Fuatisha Cao Quan kwanza, ingawa wengine wataona ni laini mno. Jiwe la Zhang Qian la mwaka 186 BK lina kingo za mraba zinazovutia, lakini sehemu ya ukali ule ni kazi ya patasi; ukitaka kuuiga kwa brashi mkono unakakamaa.

*Wino wangu unasambaa kwenye karatasi. (Msomaji, Mombasa)*

Karatasi ya xuan, ile ya jadi ya Kichina ya kuandikia kwa brashi, isipotiwa dawa hunywa wino papo hapo. Ifanyie mazoezi baadaye. Kwa sasa tumia karatasi ya manjano ya mianzi, au hata gazeti kuukuu. Pia futa brashi kwenye ukingo wa kijiwe cha wino kabla ya kuandika, na usizidishe maji. Ukimaliza ioshe kwa maji baridi hadi yatoke meupe, uitundike ncha ikiangalia chini. Maji ya moto huyeyusha gundi inayoshika nywele, nazo zitaanza kunyonyoka.